Suruali Isiyochukuliwa

Kila fundi cherehani ana nguo yake isiyochukuliwa. Huletwa na mtu mwenye haraka zake, "Fundi, naomba usiniangushe, kesho asubuhi naipitia," na fundi wa watu akaweka kando kazi za wengine, akaihangaikia, akaipiga pasi. Kesho ikifika, mwenye nguo haonekani hata kivuli. Nguo inatundikwa msumarini, inakula vumbi, inazoeleka, mwisho inakuwa kama mtu wa nyumbani.

Ya Fundi Pindo ilikuwa suruali ya kahawia. Ilikuwa imening'inia nyuma ya pazia kwa muda mrefu kiasi kwamba buibui walikuwa wamezaliana ndani ya mfuko wake wa kushoto. Mkewe alishawahi kumshauri waikate wapate bitana. Fundi Pindo alikataa katakata, akasema nguo ya mtu ni amana. Mwenye suruali alikuwa mzee fulani mstaafu, na hilo ndilo pekee walilolikumbuka juu yake.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua. Mbele ya pazia alikaa Fundi Pindo, futi shingoni, chaki sikioni, tabasamu mdomoni. Nyuma ya pazia alikaa mkewe na cherehani. Juu ya mlango palikuwa na ubao wenye mchoro wa mikono miwili, na chini yake maandishi makubwa: FUNDI PINDO, MIKONO YA DHAHABU. Jina la Pindo alipewa na wateja, nalo alilistahili, maana pindo la suruali alilolikunja yeye lilinyooka hata ungelipima kwa rula. Lakini wateja hawakusifu mapindo tu. Walisifu kola, walisifu mabega, walisifu mifuko iliyolala kama imezaliwa na koti. Wakisifu, Fundi Pindo aliinamisha kichwa, akasema, "Ni Mungu tu." Na kila aliposema hivyo, nyuma ya pazia kilisikika kikohozi.

Sasa, jirani yao mwenye studio, waliyemwita Bwana Picha, aliamka siku moja akakuta akaunti ya mtandaoni ya studio yake imetekwa. Alikuwa amebofya ujumbe uliompongeza kwa kushinda friji. Friji hakuliona, na akaunti hakuiona tena. Mwizi aliyeiteka akaanza kuwatangazia wateja kwamba studio imepanua biashara, sasa inauza na mbuzi wa maziwa: tuma malipo kwanza, mbuzi njoo uchukue mwenyewe. Watu wakatuma, kisha wakaja studio kudai mbuzi. Mama mmoja alikuja na kamba kabisa, akakaa nayo kwenye kiti cha kupigia picha, akasema haondoki.

Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji. Fundi Pindo alitia maji mpaka masikioni.

Naye alikuwa na cha kuogopea. Bwana Picha huyohuyo ndiye aliyemfungulia akaunti ya duka kwenye simu, na humo ndimo zilimokuwa picha za kazi zake, oda za wateja na vipimo vyao. Na wakati ule alikuwa amepata kazi ambayo fundi huipata mara moja katika maisha: sare za bendi nzima ya tarumbeta, suruali na makoti yenye vifungo vya kung'aa. Wanabendi walikuja wote siku moja, wakapimwa wote, kuanzia mpiga tuba, ambaye futi lilimzunguka likaishia njiani, hadi mpiga filimbi, ambaye ukimpima kiuno unapima na upepo. Kisha wakatawanyika kila mtu kwao. Wangekutana tena Jumamosi ya onyesho, kuvaa na kupuliza. Kwa hiyo vipimo vile vikipotea, sare hakuna, na jina la Fundi Pindo lingepulizwa na bendi nzima mji mzima.

Ndipo ikaja semina ya usalama wa mtandao kwa wafanyabiashara wadogo. Mwezeshaji alikuwa mama mmoja mwembamba, sauti kama mwalimu wa zamu. Aliwaambia mambo ya maana kweli: neno la siri liwe refu, lichanganye herufi kubwa na ndogo, namba na alama. Usiliandike kwenye karatasi. Usimwambie mtu. Usifungue usichokijua. Ukimaliza kazi, ondoka kwenye akaunti. Akikupigia mtu usiyemjua, akakuharakisha, akakwambia usimwambie mtu, huyo ni tapeli, kata simu. Maelezo ya wateja yasizagae, na uweke nakala.

Wengine walisikiliza, wakanywa chai ya semina, wakaenda zao. Fundi Pindo alikuwa mtu wa kushika maagizo. Ukimwambia koroga mara moja, hakorogi mara mbili hata sukari iwe imelala chini. Alirudi dukani ana macho ya askari wa lindo.

Wa kwanza kuonja alikuwa mteja wa gauni. Alituma picha ya gauni alilolitaka. Fundi Pindo hakuifungua.

"Dada yangu, picha inaweza kuwa na kirusi," alimpigia kumwambia. "Nieleze kwa maneno."

"Mabega wazi, kiuno kimebana, chini limemwagika," dada akaeleza.

Fundi Pindo akakata kitambaa kama alivyoelewa. Siku ya kulijaribu, dada alijitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama hema hilo linakuja na vigingi vyake. Mkewe fundi alikesha, maskini, si kwa usiku mmoja, kulifumua na kulirudisha kuwa gauni.

Wa pili alikuwa mama mkwe. Huyu alipiga kwa namba mpya.

"Mwanangu, hujambo? Ni mama yako. Nimebadilisha namba. Nina shida ya haraka, naomba unitumie nauli."

Namba mpya, haraka, nauli! Dalili zote alizozitaja mwezeshaji zimekuja kwa mkupuo. "Mwizi mkubwa wewe!" Fundi Pindo alimvurumishia. "Huna hata haya, unajifanya mama mkwe wangu! Mama mkwe wangu mimi sauti yake haikwaruzi kama bati!" Akakata simu, akajipongeza. Jioni mama mkwe aliwasili kwa miguu, akiwa na vumbi hadi magotini, na sauti ileile. Nisikuchoshe kwa yaliyosemwa. Itoshe kujua kwamba Fundi Pindo aliomba radhi akiwa amepiga magoti, na kwamba mpaka leo mama mkwe akimpigia huanza kwa kusema, "Ni mimi Bati."

Baada ya aibu ile alijiridhisha kwamba namba yake yenyewe ndiyo imeshajulikana na wezi. Akaitoa laini, akaikata vipande viwili kwa mkasi wa kitambaa, ule mkasi ambao mkewe alikuwa amemkataza hata kukatia karatasi. Akanunua laini nyingine. Kuiambia akaunti kwamba amebadilisha namba, hilo halikumjia kabisa. Vikaratasi vya vipimo vya bendi alivichoma jikoni ili visizagae, vipimo vyenyewe akiwa ameshaviandika kwenye akaunti. Na kwa kuwa mwezeshaji alisema uweke nakala, aliweka nakala: humohumo ndani ya akaunti ileile, chini kidogo ya vile vya kwanza. Ni kama mtu anayeficha ufunguo wa akiba ndani ya kabati analolifungua kwa ufunguo huo, lakini nani angemwambia?

Likabaki neno la siri. Fundi Pindo alilitunga mwenyewe, sentensi nzima, ndefu, herufi kubwa hapa, ndogo pale, namba, alama. Alilipenda sana. Tatizo ni kwamba kichwa chake kilishika maneno, lakini kipi kikubwa, kipi kidogo, na zile alama zimekaa wapi, hapo palimshinda. Na karatasi imekatazwa.

Lakini kitambaa hakikukatazwa.

Ni fundi tu anayeweza kuwaza vile. Aliwaza ni nguo gani duniani ambayo hakuna mtu atakayekuja kuigusa, na jicho lake likaangukia msumarini. Akaishusha ile suruali ya kahawia, akawahamisha buibui, akafumua ukanda wa kiuno kwa ndani, akalitarizi neno lake kwenye bitana kwa uzi wa kahawia, kisha akaushikiza ukanda kwa kifungo kidogo ili aweze kuufunua na kuufunika. Akairudisha msumarini. Hakuna benki yenye sanduku kama lile, alijiambia.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikwenda nyuma ya pazia, akaishusha suruali ya watu, akaifunua kiuno, akakisogeza karibu na uso, akawa anatikisa midomo kimyakimya huku akibonyeza simu. Mkewe alimtazama kutoka kwenye cherehani, mguu ukiwa umesimama juu ya pedali.

"Baba watoto," alimwuliza mara moja, "hiyo suruali unaisalia?"

"Mambo ya usalama, mke wangu. Usiulize."

Siku ya balaa ilikuwa Jumatano. Makoti ya bendi yalikuwa yamekatwa na kushonwa, zimebaki suruali tu. Fundi Pindo alitoka kwenda kununua uzi. Aliporudi alimkuta mkewe amechangamka, amejaa cheko.

"Hutaamini! Mwenye suruali amekuja!"

"Suruali ipi?" Fundi Pindo aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ya kahawia! Yule mzee mstaafu. Anasema daktari alimwambia apungue, amepungua, sasa inamwingia. Ameivaa hapahapa nyuma ya pazia, imemkaa! Kafurahi huyo, kaniachia na namba yake, ana nyingine ya kupunguza. Anapita kwa kinyozi, kisha anapanda basi, anakwenda kukaa kwa binti yake."

Fundi Pindo alitazama msumari. Ulikuwa mtupu, na ukutani pamebaki alama nyeupe yenye umbo la suruali. Alikaa chini, juu ya mto wa sindano, na hata hakusikia.

Alijaribu kulikumbuka. Alibonyeza, akaunti ikakataa. Akakuza herufi moja, ikakataa. Akahamisha alama, ikakataa, kisha ikamwonya kwamba amebakiwa na jaribio moja, likishindikana inajifunga. Chini palikuwa na msaada: je, tukutumie namba ya siri kwenye simu yako? Ndiyo, ndiyo, Fundi Pindo akabonyeza. Namba ikatumwa kwenye ile laini aliyoikata kwa mkasi. Ikabidi amweleze mkewe kwamba neno la siri limeondoka na suruali.

"Niambie hilo neno," mkewe akasema. "Mimi nikiyajua maneno yake, tutakaa pamoja tupange hizo herufi."

"Siwezi."

"Huwezi?"

"Mwezeshaji alisema usimwambie mtu."

"Mimi mtu?" Mkewe alisimama, na futi likaanguka kutoka mapajani mwake. "Fundi. Neno gani hilo ambalo buibui wanalijua na mkeo hapaswi kulijua? Ni jina la mwanamke?"

"Mwanamke yumo," Fundi Pindo akasema, maana alikuwa mkweli kwa wakati usiofaa, "lakini si hivyo unavyofikiri."

Hapo duka lilipoa.  Mkewe alivaa viatu vya kutokea.

Fundi Pindo aliona ampigie mzee simu kabla mambo hayajaharibika zaidi. Alijikaza, akatafuta sauti ya utulivu, akaikosa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mzee, hunifahamu vizuri lakini mimi nakufahamu. Nisikilize kwa makini, ni jambo la haraka sana. Hiyo suruali uliyovaa ina kitu changu ndani. Tafuta mahali ukae peke yako, uivue, unisomee maandishi yaliyoko kiunoni. Na tafadhali, usimwambie mtu yeyote."

 Mzee akasema taratibu, "Mwanangu, nimestaafu, sijapumbaa. Utapeli nimeusikia wa kila namna. Wa kuvuliwa suruali kwa simu, huu ndio wa kwanza." Akakata.

Fundi Pindo akapiga tena, hakupokelewa. Akaandika ujumbe: MZEE NI HARAKA. AKAUNTI ITAFUNGWA LEO. USIPANDE BASI KABLA HUJAVUA. Mkewe aliusoma kwa juu ya bega lake.

"Hata mimi ningekuitia polisi," alisema. "Nyanyuka, twende kwa kinyozi."

Walitembea mtaa mzima, yeye mbele, mkewe nyuma yake, viatu vikigonga ko, ko, ko. Fundi Pindo alihisi kila hatua mgongoni. Alikuwa na hofu mbili, na hakujua ipi inamwuma zaidi: bendi ikose suruali, au mkewe alisikie lile neno. Ya kwanza ingemharibia jina. Ya pili, loo, ya pili ingekwenda ndani zaidi ya jina.

Kinyozi alikuwa na kibanda cha bati chenye viti vya kungojea, na viti vyote vilikuwa na watu. Mzee alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, kitambaa cheupe shingoni, shavu moja limenyolewa, jingine lina povu. Alikuwa katikati ya habari.

"...akaniambia, 'Tafuta mahali ukae peke yako.' Peke yangu! Nikawaza, hii dunia imefika pabaya, sasa wanataka mpaka suruali zetu sisi wazee—"

Hapo Fundi Pindo akaingia mbio, anahema, jasho jembamba linamtoka, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye kiuno cha mzee.

"Ndiyo hiyo!" akasema.

Kinyozi akaushika wembe vizuri. Watu wa viti vya kungojea wakasogeza magoti.

"Mzee, shikamoo, ni mimi niliyekupigia. Mimi ndiye fundi wako, Fundi Pindo! Nilikukunjia pindo la hiyo suruali!"

"Wewe ndiye unayesema ni fundi," mzee akajibu bila kuteremka kitini. "Kwenye semina ya wastaafu kuna mama mmoja mwembamba alitufundisha: mtu akijitambulisha, mwulize jambo ambalo ni mwenyewe tu anayelijua."

Fundi Pindo alimlaani yule mama moyoni, kisha akamwomba msamaha, maana alikuwa anasema kweli.

"Haya niambie," mzee akaendelea, "mguu wangu upi mfupi?"

Kibanda kizima kikatazama miguu ya mzee. Jibu Fundi Pindo alilijua, maana kila asubuhi aliishusha suruali yenye mguu mmoja uliokunjwa zaidi. Fundi Pindo akafungua mdomo, akaufunga. Maelezo ya wateja yasizagae. Akasogea, akainama, akamnong'oneza sikioni, povu likamgusa pua.

"Wa kushoto!" mzee akapiga kelele kwa furaha. "Kweli kabisa, ni wa kushoto! Na ni kidogo tu, kiasi cha ukucha, hakuna anayejua isipokuwa fundi wangu! Mwanangu, umezeeka, sikukutambua."

Siri ya mteja ikawa imetangazwa, lakini angalau na mteja mwenyewe. Fundi Pindo akamweleza kwa kifupi, tena kwa sauti ya chini, juu ya akaunti, bendi na bitana. "Kwa hiyo naomba unipe hiyo suruali kwa dakika moja tu, niisome mwenyewe, peke yangu, pale nje."

"Hapana," mzee akasema. "Sitoi kitu kikatoka mkononi mwangu. Nitakusomea mimi."

"Mzee, isome polepole basi. Yaani kimoyomoyo. Yaani niandikie—"

"Kwenye karatasi?" mzee akashtuka. "Hata semina hukuisikiliza!"

Ilikuwa imeandikwa iwe hivyo. Mzee alikwenda nyuma ya taulo lililotundikwa kwenye kamba, akatoka amejifunga kitambaa cha kinyozi kiunoni, suruali mkononi, miwani puani. Akaufungua ukanda, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba mzee yule alikuwa amefanya kazi posta maisha yake yote, kwenye chumba cha telegramu, akiwasomea wenzake wa upande wa pili habari za watu, herufi kwa herufi, kupitia waya mbovu. Alisafisha koo. Alisimama wima. Alisoma kama vile wa upande wa pili yuko ng'ambo ya mto.

"M kubwa! k, e! W kubwa! a, n, g, u! A kubwa! n, a, s, h, o, n, a! K kubwa! u, n, i, s, h, i, n, d, a! Saba! Nyota!" Akavuta pumzi. "Narudia. Mke wangu anashona kunishinda. Saba. Nyota. Mwisho wa habari."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mashine ya kinyozi ilikuwa inanguruma peke yake mezani. Fundi Pindo alitamani ardhi ipasuke immeze, na futi lake shingoni. Hakuthubutu kugeuka. Alijua mkewe amesimama pale mlangoni, na alijua kwamba katika miaka yao yote ya pazia la maua hakuwahi kumwambia maneno yale. Aliwaambia buibui.

"Tangu lini unajua?" sauti ya mkewe ikauliza.

"Tangu kola ya kwanza," Fundi Pindo akaiambia sakafu.

Mkewe alisogea, akaichukua suruali kwa adabu kutoka kwa mzee, akautazama ule utarizi. Akaupitishia kidole. Fundi Pindo alingoja.

"Herufi zenyewe zimepinda," mkewe akasema. Akakohoa, kikohozi kilekile cha nyuma ya pazia, lakini safari hii kilikuwa na maji ndani yake.

Ndipo kibanda kikapasuka kwa kicheko, kinyozi wa kwanza. Mkewe mwenyewe alicheka hadi akashika ukuta, na Fundi Pindo, alipoona anacheka, alihisi mabega yake yakishuka kama koti lililotolewa hanga. Aliona haya, na aliona raha, vyote pamoja.

"Nipe wembe niufumue huu uzi, mzee upate nguo yako safi," mkewe akamwambia kinyozi.

Mzee akairudisha suruali kifuani kwake. "Iacheni hivyohivyo, mwanangu. Mke wangu mimi ametangulia. Alinishinda mambo mengi, na telegramu zote zile nilizowatumia watu, yeye sikumtumia hata moja." Akarudi nyuma ya taulo kuivaa, na alipotoka alikwenda kumaliziwa shavu la pili.

Jaribio la mwisho alilibonyeza mkewe, palepale kwenye kiti cha kungojea. Akaunti ikafunguka. Vipimo vyote vilikuwemo, na nakala yake chini kidogo.

Jumamosi mpiga tuba aliinama, akainuka, akaketi, na mshono haukulalamika. Kiongozi wa bendi alikuja dukani na koti lake mwilini, akajipapasa kola. "Fundi, mikono yako hii ni ya dhahabu kweli."

Fundi Pindo aliinamisha kichwa kwa mazoea. Nyuma ya pazia hapakusikika kikohozi, na ukimya ule ulimsumbua kuliko kikohozi chochote. Akanyoosha mkono, akalivuta pazia la maua mpaka mwisho wa waya. "Mimi nilikunja mapindo," akasema. "Kola mwulize huyu." Mkewe, aliyekuwa na pini mdomoni, hakuweza kujibu. Pazia halikurudishwa tena, lilikatwa likawa mapazia ya dirisha, na mchoraji aliitwa kuongeza mikono mingine miwili kwenye ubao.

Neno la siri, bila shaka, lilibidi libadilishwe, maana kibanda kizima kilikuwa kimelisikia, na vinyozi hawajulikani kwa kutunza siri. Safari hii alilitunga mkewe. Namba mpya ya simu akaiandikisha, vipimo akavinakili pia kwenye simu yake mwenyewe. Fundi Pindo alipotaka kuingia kwenye akaunti, mkewe ndiye aliyembonyezea, mkono mmoja umekinga kioo.

"Niambie na mimi, mama watoto."

"Mwezeshaji alisema usimwambie mtu."

Alivumilia. Alitafuta kwenye bitana za makoti, kwenye mto wa sindano, kwenye mapazia ya dirisha. Kisha asubuhi moja, akipiga pasi suruali yake mwenyewe, ile ya kazini ya kila siku, pasi ilikwaruza kitu kiunoni. Akaugeuza ukanda. Herufi zilikuwa ndogo, zimenyooka, kama zimechapwa: MumeWanguHajuiKolaLakiniNiWangu*7.

Alisoma mara mbili, pasi ikiwa hewani, amejifunga taulo. Kutoka kwenye cherehani mkewe akauliza mbona kimya, anaunguza nini tena.

"Hamna kitu," Fundi Pindo akasema. Akaufunika ukanda, akaivaa suruali ingali na moto, akafunga na mshipi juu yake. Usimwambie mtu.